Mbwa wa shamba, kuanzia Mwakirunge hadi Mtongwe

Ukitoka kisiwani Mombasa ukavuka Nyali ukaelekea Utange na Mwakirunge, au ukavuka kivuko cha Likoni ukashika njia ya Mtongwe, shamba lenye minazi na mbuzi halikosi mbwa wawili watatu. Waulize wenyewe wanataka nini kwa mbwa, wengi watakwambia, "Awe mkali." Ukali ndiyo sifa rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoleta hasara. Mbwa mkali humng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira, huua kuku wa watu, na mwisho wake ni kutegewa sumu. Shamba linataka mbwa anayebweka mgeni angali nje ya ua, anayenyamaza akiambiwa basi, na anayelala karibu na kitu anachokilinda. Tabia hizo hutegemea sana mahali anapolazwa, saa anazofungwa na mkono unaomlisha, kuliko kabila lake.

Kwa upande wa kabila, wa kienyeji anatosha. Ana manyoya mafupi, kilo 15 hadi 20, na hali chakula kingi. German Shepherd hupendeza kwenye geti la Nyali, lakini kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi inapovuma bila mvua, hupata tabu. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu kwa kutweta, na hewa yetu yenye unyevu huupunguzia utwetaji huo nguvu. Joto lake la kawaida ni digrii 38 hadi 39. Likipita 41, figo na ubongo viko hatarini. Ukimwona anatweta bila kukoma, mate mazito yanamtoka na anapepesuka, mvute kivulini, mmwagie maji ya kisima tumboni, mapajani na miguuni, kisha umpepee. Kupoza kwanza, safari ya daktari baadaye. Usimfunike taulo la maji ukaliacha juu yake, maana likishapata moto linamzuia kupoa.

Kuna jambo ambalo vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa kwingine havina habari nalo, na hapa ndilo huamua kama mbwa ataishi na watu kwa amani: najisi. Hadithi za Mtume (SAW) zinazokataza kufuga mbwa zimemtoa mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba, kwa hiyo kuwa naye shambani si tatizo. Tatizo ni mate na majimaji yake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi huku pwani, chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Nguo iliyopata unyevu wake ni vivyo hivyo. Udhu hautenguki kwa kuguswa na mbwa, lakini mtu aliyevaa kanzu yake anaelekea msikitini, akapitiwa na pua mbichi, itambidi arudi nyumbani.

Basi panga shamba ukijua hivyo. Karai la chakula na la maji yatiwe alama ya rangi, yaoshewe huko huko kwenye mfereji wa nje, yasiingie jikoni hata siku moja. Banda liwe mita 15 au zaidi kutoka mlango wa nyumba, pembeni mwa njia ya wageni, na mbali na baraza linalotandikwa mkeka wa kuswalia. Kamba ya kuanikia nguo iwe juu, mita 2, la sivyo mbwa aliyelowa akijikung'uta chini ya leso za watu mtaoga maneno. Usiku mfungulie geti likishafungwa baada ya isha. Alfajiri mfunge kabla ya saa kumi na moja kasorobo, waswalihina wasijapita njia. Mfanyakazi anayesahau saa hii ya alfajiri huleta ugomvi na majirani kuliko mbwa mwenyewe.

Banda lenyewe halina gharama. Urefu sentimita 120, upana 90, kimo 90. Mbwa mmoja anajigeuza na kulala chali. Sakafu iwe ya mbao, iinuliwe juu ya matofali sentimita 20 kutoka ardhini, na kati ya ubao na ubao uachwe upenyo wa sentimita moja ili mkojo na maji ya kuoshea yapite. Mlango usielekee kusini wala kusini-mashariki, kwa sababu mvua za masika huja na upepo wa kusi na zitaingia moja kwa moja. Paa liwe la makuti. Bati chini ya jua la saa nane mchana hugeuza banda kuwa tanuri, na mbwa atahamia chini ya mwembe, mbali na zizi ulilomweka alilinde. Karai la maji lifukie nusu yake ardhini lisipinduke. Mbwa wa kilo 15 hunywa karibu lita moja kwa siku ya kawaida. Wakati wa kaskazi mwekee mbili, na yabadilishwe kila siku. Maji yaliyolala ni nyumba ya mbu wa dengi, na Mombasa tunawajua.

Wanaofunga mbwa mchana kutwa kwenye shina la mnazi wanamharibu. Mnyororo hujizungusha kwenye shina, ikifika adhuhuri kivuli kimeshahama, na maji yako upande wa pili. Funga waya mnene kati ya miti miwili, umbali wa mita 10 hadi 15, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Pitisha pete ya chuma kwenye waya, na mnyororo uning'inie kwenye pete kwa kiungo kinachozunguka ili usijisokote. Urefu wake umruhusu kulala chini bila kunyongeka. Kila upande, kama mita moja na nusu kabla ya mti, kaza kizuizi kwenye waya ili pete isifike kwenye shina. Banda, maji na kivuli viwe ndani ya eneo anakofika. Ukanda wa shingo uache nafasi ya vidole viwili, na kila wiki uuvue uangalie chini yake: ngozi ya mbwa anayekua huliwa na ukanda uliosahaulika, na nzi hutaga kwenye kidonda.

Kumzoesha mifugo huanza mapema. Kuanzia wiki 3 hadi karibu wiki 14 ndipo mtoto wa mbwa anapojua nani ni wa kwao. Mchukue kwa mamake akiwa na wiki 8, usiwahi chini ya hapo. Ndani ya zizi la mbuzi mtengee kipembe cha mita 2 kwa moja na nusu kwa wavu, wenye tundu la kumpitisha yeye tu. Alale humo na ale humo, awasikie mbuzi wakicheua usiku kucha. Mchana mtoe kati ya majike wapole. Beberu au mama mwenye kitoto kichanga atamgonga, na pigo dogo humfunza adabu kuliko fimbo yako, ila usimwache peke yake na beberu mwenye pembe. Akifikisha miezi minne au mitano aende malishoni akiwa na kamba ya mita 5 inayoburuta. Akianza kukimbiza kitoto cha mbuzi, kanyaga kamba, sema "Acha!" mara moja kwa sauti nzito, mtulize, kisha endeleeni. Ukichelewa dakika mbili, hajui umemkatazia nini.

Kati ya miezi 6 na 12 ndipo kuku wanapokufa. Watu husema ameonja damu. Aghalabu ni mchezo: kuku anakimbia, anapiga mbawa, anapiga kelele, na kijana wa mbwa hana raha kubwa kuliko hiyo. Akishanyamaza, mbwa anamwacha pale pale bila kumla. Ile desturi ya kumfunga kuku mfu shingoni mpaka aoze haifundishi kitu. Hukupa mbwa anayenuka na mwenye funza wa nzi. Dawa yake ni kutomwacha huru penye kuku bila mtu katika miezi hiyo, na kumchosha kwa kazi. Mayai nayo: viota viinuliwe juu, na yaokotwe asubuhi mapema. Mbwa aliyevunja yai la kwanza akalipenda ni vigumu kumrudisha.

Kwa wezi wa mifugo wa miguu minne, mbwa wawili wa kienyeji humudu nguchiro, kenge, fungo na hata kima wanaoshuka kwenye miembe. Nyani ni habari nyingine. Mashamba yaliyo upande wa Kwale, karibu na Shimba, yanamjua dume la nyani: meno yake humpasua mbwa ubavu. Mbwa abweke, watu waende. Usimwamuru mbwa mmoja kumvamia.

Mbwa wa shamba la minazi ana mtihani ambao mbwa wa kwingine hana, nao ni watu wanaoshuka kutoka juu. Mgema huja asubuhi na jioni, kila siku, na hupanda na kushuka peke yake. Mbwa aliyemwona akiingia getini humwona tena anatokea angani. Mjulishe mgema kwa mbwa wiki nzima kabla ya kuwaacha pamoja: aingie na mtu wa nyumbani, amtupie kitonge karaini mwake, ndipo apande. Mkwezi ni kinyume. Huja mara moja kwa miezi miwili au zaidi, haina haja wazoeane. Siku ya kuangua nazi mbwa wote wafungwe mbali na minazi. Nazi ikidondoka toka mita 15 haichagui kichwa.

Anayelisha asiwe mmoja. Kijana wa shamba akiwa ndiye pekee anayemtilia chakula, akienda kwao likizo mbwa hususia chakula au hutoka njiani kumtafuta. Wawe wawili wanaopokezana. Na ale kwenye karai lake tu, kwa idhini. Anayeokota chochote kilichorushwa juu ya ua ndiye anayetangulia kufa wezi wakija.

Kwa mbwa wa kilo 15 anayefanya kazi, kipimo cha siku ni unga wa mahindi usiokobolewa gramu 150 uliopikwa ugali laini, dagaa wakavu gramu 100, na kijiko kimoja cha mafuta. Dagaa wa huku huanikwa na chumvi, kwa hiyo waroweke saa moja na umwage yale maji. Vichwa vya samaki vichemshwe mpaka mifupa ivunjike kwa vidole. Gawanya mara mbili: robo asubuhi, robo tatu jioni kabla ya lindo. Karai liondolewe baada ya dakika 20, maana kunguru wetu hawa hawangoji, na wakishazoea karai la mbwa watahamia kwa vifaranga.

Unga ndio penye hatari ambayo wengi hawaioni. Mahindi yaliyoota ukungu stoo, hasa baada ya masika, hupewa mbwa kwa sababu watu hawawezi kuyala. Ukungu huo una sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa nayo haraka zaidi. Huanza kukataa chakula, hutapika, macho na fizi huwa njano, kisha ini linakataa. Kupika hakuiondoi. Mahindi ya namna hiyo yafukiwe. Chicha ya nazi kidogo haina neno, lakini bakuli zima huleta harisho na maumivu ya kongosho kwa ajili ya mafuta yake. Kokwa la embe huziba utumbo, basi msimu wa maembe maokoto yafagiwe chini ya mti. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni marufuku, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Na kwa mashamba yanayoshukia ufukweni au kwenye vijito: wavuvi hutupa mchangani samaki aitwaye bunju. Mbwa akimla bunju, midomo na miguu hulegea na pumzi hukata ndani ya saa chache, wala hakuna dawa ya kuiondoa sumu hiyo. Mfungie njia ya pwani wakati nyavu zinaposafishwa.

Kupe wastahili nafasi kubwa kuliko nilivyowapa wengine, kwa sababu watu humwosha mbwa na kusahau banda. Kupe wa kahawia wa mbwa hushiba damu, hujiangusha, kisha hupanda ukuta. Atafute ufa wa plasta, tundu la msumari, pembe ya makuti, ndimo atagie, na jike mmoja huweza kutaga mayai hadi 4,000. Unayemwona sikioni ni sehemu ndogo tu ya waliopo. Kwa hiyo siku ya dawa ni siku ya vyote viwili. Amitrazi ya asilimia 12.5 inayouzwa maduka ya dawa za mifugo huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji, yaani 0.025%, soma kibandiko cha chupa uliyonunua, kwa kuwa nguvu hutofautiana. Pima kwa bomba la sindano, usikadirie kwa kifuniko. Vaa glavu, mlowanishe mbwa mpaka kwenye ngozi, ukipangusa masikio kwa kitambaa na kupitia katikati ya vidole na chini ya mkia. Usimsuuze. Akaukie kivulini bila kujilamba. Watoto wa mbwa wa chini ya miezi 4 usiwatie, na paka usimguse nayo kabisa. Banda linyunyizwe siku hiyo hiyo, kuanzia sakafu hadi kwenye makuti, nyufa zizibwe kwa saruji, na kazi irudiwe kila wiki mbili kwa miezi miwili angalau, ili kukuta waliokuwa mayai. Vidonge vya kutafuna vinavyodumu mwezi hadi mitatu ni vizuri zaidi. Bei ndiyo inayowazuia watu, lakini kwa mbwa mmoja au wawili piga hesabu upya.

Kupe mmoja mmoja mvute kwa koleo ndogo karibu na ngozi, moja kwa moja, bila kumzungusha. Mafuta ya taa na kiberiti vinamfanya atapike ndani ya mbwa. Ugonjwa wenyewe utauona kwenye fizi: zimekuwa nyeupe, mbwa analala tu, ana homa. Mkojo ukiwa rangi ya kahawa, hicho ni kidudu kinachopasua chembe za damu. Damu ikimtoka puani bila kuumia, ni ule ugonjwa mwingine wa kupe unaotibiwa kwa doksisaiklini, na tiba yake ni siku 28. Wengi huacha siku ya tano mbwa akianza kula, na ugonjwa hurudi mbaya zaidi.

Chanjo ya kichaa hutolewa akiwa na miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, na kila mwaka. Mpango wa Kenya wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuumaliza ugonjwa huu unataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Muulize anayechanja aliibebaje dawa: inatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8, na chupa iliyozunguka na pikipiki juani bila barafu ni maji tu. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Mbwa afungwe na kuangaliwa siku 10. Ikibidi auawe, asipigwe kichwani, maana ubongo ndio unaopimwa. Na mbwa anayeachama mdomo, anadondosha mate kana kwamba mfupa umemkwama, usitie mkono kinywani mwake.

Sumu ya panya humaliza mbwa polepole: hula panya aliyekufa, na baada ya siku mbili hadi tano huanza kutoka damu. Vitamini K ya daktari humwokoa akiwahiwa. Chukua na pakiti ya sumu uende nayo. Maziwa na mafuta ya kupikia havizuii sumu yoyote, vinapoteza muda tu. Nyoka nao: swila akimtemea machoni, osha kwa maji mengi dakika 15. Bafe akimuuma, usichanje wala kufunga kamba, mbebe asitembee.

Jike huja kwenye joto kila miezi sita au saba, kwa wiki tatu hivi, na madume ya Kisauni nzima yatalala kwenye ua wako. Ua wa makuti hauwazuii. Mfungie chumba chenye paa na mlango wa mbao, na wavu wa uani uzikwe sentimita 30 ardhini. Wapo wanaomdunga sindano ya kupanga uzazi ya wanawake. Huleta usaha kwenye kizazi na uvimbe wa matiti. Kumfunga kizazi kwa upasuaji ndio mwisho wa habari, ila usipange Mei: kidonda kinataka siku 10 hadi 14 za ukavu, na masika haikupi. Kwa dume na jike wasiohasiwa, kagua sehemu za siri. Donge jekundu linalovuja damu, lenye uso kama koliflawa, ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana, na hupona kwa sindano ya daktari mara moja kwa wiki, kwa kawaida nne hadi sita. Dume aliyetoroka usiku mmoja mkague kila mwezi kwa miezi sita, kwa sababu donge huchukua miezi 2 hadi 6 kujitokeza.